Madaktari Watatu wa Okidi ya Wifi Turan

Kama umewahi kukaa mtaa wetu hapa Shiraz, nyuma ya shule ya wasichana, basi wifi yangu Turan amekwishayaona makalio yako. Sisemi hivi kumvunjia mtu heshima. Ni kazi yake. Alipiga sindano zahanati kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu astaafu anapiga nyumbani, kwenye kona ya sebule ndogo aliyoikinga kwa pazia la bluu. Asubuhi huzunguka majumbani mwa watu na mkoba wake mweusi. Vitamini, penisilini, dawa za mgongo, zote hupitia mkononi mwake, na watu husema mkono wake ni mwepesi, hausikiki. Mgonjwa bado anasoma dua ya kujikinga, Turan ameshachomoa sindano na anamwambia avae.

Na hana simile ya mdomo. Hakimu mstaafu wa nyumba ya pembeni alipolalamika kwamba sindano inauma, Turan alimwambia mbele ya mkewe kuwa miaka ishirini amewafunga watu, na leo analia kwa tone la vitamini. Mwenye bucha aliambiwa apunguze mafuta, maana sindano inaishia njiani. Ndiye wifi yangu huyo. Alikuwa mke wa kaka yangu Nasrollah, aliyefariki miaka sita iliyopita. Yeye anakaa ghorofa ya tatu na mimi, Badri, nakaa ya pili, peke yangu, kwa kuwa sikuolewa na umri wa kueleza kwa nini umenipita. Chakula cha mchana tunakula pamoja kila siku. Kila Alhamisi tunakwenda pamoja kaburini kwa Nasrollah, tunaliosha kaburi kwa maji na kugawa tende.

Nayasema haya yote ili ujue ni mwanamke wa namna gani aliyeshindwa kumwambia mwanamume mmoja maneno matatu.

Mwanamume mwenyewe ni Bwana Faramarz, mwalimu mstaafu wa kilimo, mgane, anayekaa ng'ambo ya uchochoro, ghorofa ya tatu vilevile. Roshani yake ameizungushia vioo, na humo ndani amefuga okidi zaidi ya thelathini, kila moja ina jina. Majira ya baridi yalipoanza alishikwa na kikohozi, daktari akamwandikia sindano kumi, na zote kumi alipigwa na Turan. Siku ya sindano ya kumi, ugonjwa umekwisha na sababu ya kuja imekwisha, akaja na okidi. Ilikuwa nyeupe, yenye zambarau kooni, majani saba mapana yanang'aa, ndani ya chungu cha kioo. Akaiweka mezani, akasema ni shukrani ndogo isiyostahili kutajwa, akaondoka mwekundu mpaka masikioni.

Shukrani ya mpiga sindano ni kilo ya machungwa. Akiwa amekuponya kitu kikubwa, ni boksi la biskuti. Ua lenye mizizi, ndani ya chungu, la kuja kukaa, haliletwi na mtu aliyekuja kushukuru sindano. Mama yake angekuwa hai, angekuja yeye mama kumposea. Kwa kuwa Bwana Faramarz ana miaka sitini na sita na mama yake yuko makaburini, ilikuja okidi. Mtaa mzima ulielewa kabla jua halijatua.

Turan naye alielewa, maana aliiweka sebule kubwa, ile ya wageni ambayo sisi wenyewe hatukai, juu ya meza ya dirishani karibu na picha ya Nasrollah. Nilimwuliza kwa nini hapo. Akasema hapo ndipo penye mwanga. Nikamwambia vizuri, Nasrollah naye amepata mgeni. Akaenda kuleta kitambaa cha meza, na mimi nilitaka anijibu.

Tangu hapo Bwana Faramarz akawa anakuja kila Alhamisi saa kumi na moja jioni na mfuko wa malimau matamu, kuangalia maendeleo ya ua. Sisi tunarudi kutoka kaburini saa kumi, tunavua viatu, na baada ya saa moja kengele inalia. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kiti. Turan akisema analeta chai, yeye anasema asijisumbue. Turan anasema si usumbufu. Yeye anasema kweli kabisa asijisumbue. Wakimaliza hapo wanaingia kwenye habari za mvua. Mimi nilikuwepo kila mara, kwa kuwa haipendezi mjane kukaa na mwanamume wawili peke yao, na nakuapia, mvua za mwaka ule nazijua kuliko wanaozitangaza redioni.

Doa la kwanza nililiona mimi, wiki tisa kabla ya Nairuzi, mwaka wetu mpya. Lilikuwa kwenye jani la chini upande wa dirishani, dogo kama dengu, limepauka. Siku iliyotangulia walikuwa wamekuja wanawake sita kupigwa sindano za mafua, na kila mmoja alichungulia sebule kubwa akasema lo, ua gani hili, zuri namna hii. Hata mmoja hakusema mashaallah. Sasa niambie, mtu anahitaji shahada gani kujua kwamba lile lilikuwa jicho?

Na tiba ya jicho tunayo. Kesho yake asubuhi, Turan alipotoka na mkoba wake, nilichukua ufunguo wa kwake ninaoutunza, nikapanda na chetezo chenye makaa, nikatupia esfand, zile mbegu ndogo nyeusi zinazopasuka na kutoa moshi. Nikaizungushia okidi chetezo mara saba huku nikiwataja wale wanawake sita kwa majina, mara ya saba nikamtaja mama mkwe wa mmojawapo kwa tahadhari. Na kwa kuwa jani lenye doa lilikuwa la chini, nikashikilia chetezo chini yake, nikahesabu mpaka ishirini ili tiba iingie. Kisha nikafungua dirisha moshi utoke, nikashuka kwangu nimeridhika.

Siku ya tatu doa limekuwa madoa manne, ya kahawia, makavu. Nikaona jicho ni kali kuliko nilivyodhani. Nikaongeza mbegu.

Turan naye aliyaona madoa lakini hakunitajia. Nilijua kwa harufu tu, kwa sababu sebule ya wageni ilianza kunuka zahanati. Alikuwa anapangusa kila doa kwa pamba yenye iodini, anafuatisha spiriti, kisha anafunga jani kwa bandeji, na Alhamisi mchana anazifungua bandeji zote kabla mgeni hajafika. Siku moja nilimkuta amefungua kapsuli mbili za dawa ya koo, anamimina unga wake katikati ya majani. Alipogeuka na kuniona akasema anafuta vumbi. Nikasema kweli, vumbi limezidi siku hizi. Basi yeye akaficha kapsuli zake, mimi nikaendelea kuficha chetezo changu, tukaenda kula wali.

Nilipoona amenyong'onyea, nilimshauri.

"Si umwulize mwenyewe? Mtu ana okidi thelathini roshani, wewe unaitibu yake kwa dawa ya donda la mguu."

"Nimwulize nini, wifi? Nimwambie ua lako linaumwa? Ataona nasema kaniletea kitu kibovu."

"Si limeanza kuumwa hapa."

"Basi ataona nimeua zawadi yake. Haya, nichagulie, nimwambie lipi?"

Mwanamke anayemweleza mwenye bucha ukweli kuhusu makalio yake alikuwa amekwama kwa jani.

Kumbe upande wa pili hali ilikuwa ile ile. Bwana Faramarz aliyaona madoa tangu Alhamisi ya kwanza, maana huwezi kumficha mwalimu wa kilimo doa. Lakini angesema nini? Ukimwambia mwenye nyumba ua lako linaumwa, umemwambia hajui kutunza. Kwa hiyo akalisifu, akasema linapendeza, mikono ya Bi Turan imelifaa. Kisha Turan akaenda jikoni kuchemsha chai, na mimi, kwa sababu zangu, nikajifanya nimesinzia.

Nililoliona kwa jicho moja ni hili. Bwana Faramarz alitoa mfukoni mwa koti wembe uliofungwa kwenye karatasi na kichupa cha spiriti. Akausafisha wembe, akakata sehemu ya jani yenye madoa, kupita kidogo pale doa linapoishia. Akachovya kidole kwenye kikopo, akapaka unga mwekundu kwenye jeraha. Akasafisha wembe tena, akakitia kile kipande cha jani mfukoni. Turan aliporudi na trei, mwalimu wetu alikuwa ukingoni mwa kiti, anasema mawingu yamekaa upande wa magharibi.

Unga ule ulikuwa mdalasini. Sasa najua kwamba mdalasini hukausha jeraha la jani na kuzuia kuvu. Turan hakujua. Ijumaa asubuhi aliona jani limepungua na ukingo wake umeota kitu chekundu, moyo ukamlipuka. Akaniita, na kwa mara ya kwanza akakiri kwamba ua lina ugonjwa. Akasema sasa ni kutu, hali imebadilika, ugonjwa unakula jani kwa mstari ulionyooka kama rula. Niliinama nikanusa.

"Wifi, ni ugonjwa gani huu unaonuka sholezard?"

Sholezard ni ule wali wetu mtamu wa zafarani tunaoupamba juu kwa mdalasini. Turan hakucheka.

"Pua yako imeharibika kwa moshi," akasema, akaenda kuleta maji.

Akaiosha okidi nzima mpaka maji yakatuama katikati, pale majani yanapokutana, mahali ambapo nimekuja kuambiwa ndipo okidi isipotakiwa kabisa kukaa na maji. Alhamisi iliyofuata Bwana Faramarz alikuta mdalasini wake umepotea na katikati pamelowa. Akapakausha kwa ncha ya leso, akapaka upya, na mimi nikasinzia upya. Ijumaa Turan akaosha. Jumamosi mpaka Jumatano ilikuwa zamu yangu na chetezo. Mgonjwa mmoja, madaktari watatu, na hakuna anayemwambia mwenzake kaandika dawa gani. Majani saba yakawa matano, yakawa manne, na maua yakaanguka moja moja juu ya kitambaa cha meza, mbele ya Nasrollah.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Kuna asubuhi nilisimama pale na chetezo mkononi, nikaona jani nililolifukiza jana limejikunja, nikajua kabisa kwamba tiba yangu haisaidii. Nikaendelea. Nilijiambia ni ukaidi wa jicho. Lakini wakati huo huo nilikuwa napiga hesabu nyingine kichwani. Turan akivuka uchochoro, mchana nitakula na nani? Alhamisi nitakwenda na nani kaburini? Nina miaka sitini na mbili, niliogopa sana, na sikumwambia mtu.

Ikafika Alhamisi ya wiki mbili kabla ya Nairuzi. Bwana Faramarz aliingia, akaweka malimau yake, akaitazama okidi, na rangi ikamtoka. Yalikuwa yamebaki majani matatu, na katikati palianza kuwa peusi. Adabu ilimtaka aseme neno, akasema.

"Bi Turan, sijapata kuona okidi iliyotunzwa namna hii."

Mungu amsamehe, hakusema uongo. Na Turan akajibu kile ambacho sote tunajibu kitu chetu kinaposifiwa, maneno ambayo ulimi unayasema wenyewe bila kukuuliza.

"Haina thamani mbele yako. Ichukue, ni yako."

Sasa, kwetu hata mtoto wa miaka minne anajua la kufanya hapo. Unasema hapana, imempendeza mwenyewe. Unaambiwa tena, unakataa tena. Mara ya tatu unaweka mkono kifuani, unashukuru, na kila mtu anabaki na chake. Mimi nimewaambia watu wachukue zulia langu, pete yangu, siku moja hata friji, na vyote ninavyo mpaka leo.

Bwana Faramarz aliitazama okidi tena. "Basi," akasema, "kwa ruhusa yako." Akaikumbatia okidi na chungu chake, akatoka nayo, viatu amevikanyaga visigino.

Turan alibaki amesimama na trei ya chai. Mezani palikuwa pamebaki alama ya duara ya chungu. Aliitazama muda mrefu.

"Ameichukua," akasema.

Nikasema ndiyo, ameichukua.

"Amechukua ua lake, wifi."

Hakuhitaji kunifafanulia. Mwanamume aliyeleta ua na kulichukua tena amelichukua na neno lake. Turan aliweka trei, akaenda nyuma ya pazia la bluu, akaanza kupanga mabomba ya sindano ambayo yalikuwa yamekwishapangwa.

Alhamisi iliyofuata kengele haikulia. Turan alikuwa akifanya kazi kama kawaida, ila kimya, na kimya hicho ndicho kilichonitisha. Hakimu alikuja, akalia, akaambiwa pole. Alinisubiri ngazini kuniuliza kama Bi Turan amepata msiba. Mchana tulikula pamoja, mimi na yeye, wawili tu, kila siku, kama nilivyotaka, na chakula hakikunishuka.

Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na nyumba ya Bwana Faramarz, na ukisimama juu ya kigoda unaona ndani ya roshani yake. Nilisimama juu ya kigoda. Ile okidi aliitenga na wenzake, juu ya stuli, karibu na kioo kilichofunguliwa kidogo, na yeye amekaa mbele yake na kioo cha kukuzia mkononi. Nikashuka, nikakoroga chungu, nikapanda tena. Bado amekaa. Nikajiambia, mtu aliyebadili nia halilindi ua namna hii. Jumamosi nikapiga moyo konde, nikapika supu nzito ya tambi na maharage, ambayo kwetu inafungua mlango wowote, nikavuka uchochoro.

Alinifungulia amevaa sweta kinyume. Akapokea bakuli, akasema nisijisumbue. Nikaingia kabla hajamaliza. Nilimwuliza hali ya mgonjwa, akasema inaelekea pazuri. Amekata uozo wote wa katikati kwa wembe safi, ameiacha ikauke, hainyweshi ila asubuhi, na pembeni karibu na mizizi kuna kichipukizi cha kijani kinajitokeza. Kisha akakaa, akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelirudia peke yake siku tisa.

"Bi Badri, mwambie sina kinyongo. Jibu nimelielewa."

"Jibu gani?"

"Aliniambia niichukue. Alinirudishia."

Nikakaa chini. Alinieleza kwamba alipoichukua hakuwaza kitu ila kuiokoa, kwa kuwa ingelala pale wiki moja zaidi ingekufa. Alipofika uchochoroni ndipo akakumbuka kuwa Turan alisema mara moja tu, na hakumfuata mlangoni kumzuia. Basi huyu ametoka na chungu anaamini kakataliwa, yule kabaki na trei anaamini kaachwa, na chungu ni kimoja. Nilitaka kucheka. Nilikuwa karibu kabisa kucheka, ila Bwana Faramarz akanisogezea yale majani matatu.

Akasema kuna jambo moja, kama mwalimu, linamsumbua. Uozo wa katikati ni maji, hilo linajulikana. Doa la kwanza, lile lililopauka, ni jua la dirishani tu, lisingemdhuru mtu. Lakini haya ya kahawia si kuvu wala si bakteria. Ni makavu, hayana ukingo wa njano, hayaenei, na yote yako upande wa chini wa jani, kana kwamba mtu amelibanika. Tena katika magome ya miti yaliyojazwa chunguni ameokota hivi. Akafungua karatasi, ndani yake mbegu za esfand zilizopasuka, kama kumi na tano. Alinitazama mimi, akatazama dirisha, akasema labda zililetwa na upepo.

Ghorofa ya tatu, katikati ya baridi, madirisha yamefungwa, upepo umepanda ngazi na chetezo. Angenitukana ingeniuma kidogo kuliko adabu ile.

"Si upepo," nikasema. "Ni mimi. Wiki saba, karibu kila asubuhi. Mwanzoni nilidhani naliondoa jicho, na mwishoni nilijua naunguza, nikaendelea. Niliogopa ataniacha peke yangu."

Alikunja ile karatasi polepole. Akasema alikuwa amedhania kidogo. Nikamwambia kudhania kumetosha, avae koti. Turan hana baba, hana kaka, wazee wake wote wamekwisha. Watu wake ni sisi, na katika sisi nimebaki mimi, kwa hiyo anayetaka kumposa anaposa kwangu, na mimi nafungua mlango leo. Malimau ayaache. Achukue ua hilo hilo. Hapo alibisha kwa mara ya kwanza, akasema haiwezekani kupeleka posa na mgonjwa mwenye majani matatu na madoa, angalau apite dukani achukue nzima. Nikamwambia akileta nzima nitaifukiza.

Tukavuka uchochoro, yeye amefunga tai na okidi ameificha ndani ya koti isipigwe na baridi, hakimu anatutazama dirishani bila hata kujificha. Turan alifungua mlango bomba la sindano likiwa mkononi, maana mwenye bucha alikuwa amelala nyuma ya pazia, tayari. Alipoona nani amekuja, aliirudishia sindano kifuniko.

Bwana Faramarz akafungua koti, akasema leo kuna ubaridi. Nikamkanyaga mguu.

"Bi Turan," akasema, "ua lako linaumwa. Niliona tangu siku ya kwanza, sikusema. Siku ile nililichukua nikalitibu. Sikuchukua kitu kingine chochote."

Turan aliitazama okidi, jani kwa jani, kama anavyotazama kidonda cha mtu.

"Ule wekundu ulikuwa nini?"

"Mdalasini."

"Nilikuwa nauosha kila Ijumaa," Turan akasema. "Nilidhani kutu."

Nyuma ya pazia mwenye bucha aliuliza kwa upole kama anaweza kuvaa. Turan akamwambia alale.

Zamu yangu ilikuwa imefika. Nikamwambia wifi, kabla hujasema lolote, madoa yale ya kahawia... Turan aliniinulia mkono.

"Najua. Kila nikirudi nyumba inanuka esfand na dirisha liko wazi. Ulidhani nadhani nini?"

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini, wifi? Acha kuniunguzia ua langu? Ungeona nimelipenda ua kuliko wewe."

Wiki zote zile nilijiona mjanja na ufunguo wangu, kumbe mwenzangu kila siku anavipaka dawa vidonda ninavyovitia, anavifunga bandeji, kisha mchana ananipakulia wali. Nililia mbele ya mgeni na mbele ya pazia. Sioni haya kusema.

Turan aliniacha nilie. Akamgeukia Bwana Faramarz, na kwa sauti ile ile anayowaambia watu wavae, akamtajia mahari yake. Hataki dhahabu, hataki nyumba. Anataka asitoke jengo hili. Yeye Faramarz ndiye ahamie huku, na okidi zake zote thelathini, na mchana hapa watakula watu watatu, leo na siku zote. Kama hawezi, aseme sasa, mwenye bucha anapata baridi.

Bwana Faramarz alinitazama mimi. Kisha akasema ndiyo, mara moja tu. Turan akarudi nyuma ya pazia na bomba lake, na mimi nikaenda jikoni kutoa sahani tatu.